Kati ya kusifia na kufungia: nani anatuchambulia nyimbo zetu?

Wiki chache zilizopita kijana mmoja wa Kyerwa alifika studio kwetu na flashi mkononi. Alikuwa amepanda bodaboda kutoka upande wa Nkwenda, na kwenye hiyo flashi kulikuwa na wimbo mmoja alioulipia kwa fedha ya kahawa. Tuliupiga jioni ileile. Hewani tulisema ni ngoma kali, tukalitaja jina lake mara mbili na kumtakia kila la heri.

Kipaza sauti kilipozimwa, mazungumzo yetu yakawa mengine. Mmoja wetu alisema sauti imemezwa na mdundo. Mwingine alisema ubeti wa kwanza, ambao kijana aliuimba kwa Kinyambo, ulikuwa mzuri kuliko yote, lakini kuanzia wa pili akaanza kuwaiga nyota wa Dar es Salaam hadi matamshi. Tulikubaliana sote. Hakuna aliyemwambia.

Siku nne baadaye alipiga simu. Hakuomba wimbo upigwe tena. Aliuliza: "Kaka, lakini kwelikweli, mliuonaje?" Tulimjibu kuwa ni mzuri, akaze buti. Alishukuru, ila kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini.

Makala hii imetokana na simu ile. Kila siku wasikilizaji wetu wa Karagwe na Kyerwa wanapokea nyimbo, filamu na vichekesho kwenye simu zao, kutoka Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Lagos. Vyombo vinavyotangaza kazi hizo ni vingi. Vinavyokaa chini na kueleza kazi fulani imefanywaje, ina nguvu wapi, inalegea wapi na inatuambia nini kuhusu maisha yetu, ni vichache mno. Kazi hiyo inaitwa uchambuzi wa sanaa pendwa, na nchi nyingine zina majarida ya mtandaoni yanayoishi kwa kazi hiyo tu. Kwetu nafasi hiyo karibu iko wazi, na hasara yake inatufikia hata huku vijijini.

Uchambuzi ni nini, na si nini?

Neno lenyewe tunalo nyumbani. Mama anapokaa barazani na ungo wa maharage, anachambua. Anatoa mawe, anatenga yaliyotobolewa na wadudu, anabakiza mazuri. Hayatukani maharage wala hamtukani aliyeyalima. Anataka chakula kiwe chakula.

Tanzania pia tunaujua uchambuzi kupitia mpira. Simba na Yanga wakimaliza mechi, asubuhi yake redio nyingi nchini zinakuwa na wachambuzi wanaoeleza kwa nini beki wa kulia alipitwa, kwa nini kocha alichelewa kufanya mabadiliko. Msikilizaji wa Kaisho ambaye hajawahi kufika uwanja wa Mkapa anaelewa mchezo kuliko alivyouelewa miaka kumi iliyopita, kwa sababu kuna watu wanaomfundisha kutazama. Mchezaji naye anajua kuwa akicheza vibaya kutakuwa na mtu wa kusema, na akicheza vizuri kutakuwa na mtu wa kuona.

Muziki tunausikiliza saa nyingi kuliko mpira. Lakini ni mara ngapi umesikia mtu akieleza kwa dakika kumi kwa nini wimbo fulani umefanikiwa, bila kutaja gari wala mchumba wa mwimbaji?

Midomo mitatu inayousemea wimbo

Kwa sasa wimbo wa Kitanzania ukitoka, unakutana na midomo mitatu.

Mdomo wa kwanza ni wa msifiaji. Sisi watangazaji tumo humo. Kila wimbo ni mkali, kila msanii ni moto, kila video ni ya kimataifa. Wakati mwingine sifa zinatoka moyoni, na wakati mwingine zinatoka kwenye urafiki, kwenye haya, au kwenye bahasha. Wakulima wa kahawa wa huku watatuelewa tukisema kuwa ni kama butura. Mkulima mwenye shida anauza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa, kabla haijajulikana itatoa kilo ngapi. Nasi tunausifu wimbo kabla hatujausikiliza mpaka mwisho. Baadaye sifa zetu zinakuwa hazina bei, hata kwa kazi inayozistahili.

Mdomo wa pili ni wa mmbea. Magazeti ya udaku yalisomwa mpaka vijijini kwetu kabla ya simu janja, na leo kazi hiyo imehamia mtandaoni. Nani ameachana na nani, nani amenunua nyumba, nani anatafuta kiki. Huku kwetu tunaita orugambo. Tovuti kama Bongo5 na Millard Ayo zimefanya kazi kubwa ya kutuletea habari za wasanii kwa haraka, na habari zina nafasi yake. Lakini habari kwamba wimbo umetoka haituambii chochote kuhusu wimbo wenyewe.

Mdomo wa tatu ni wa mfungiaji. Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa huko Mvomero, Morogoro, kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, likaupiga marufuku. Muda si mrefu Waziri wa Habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akatangaza kuwa Rais Magufuli ameupenda wimbo huo na kwamba msanii aachiwe. Februari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliagiza nyimbo 13 zisipigwe kwenye redio na televisheni. Novemba mwaka huohuo BASATA ikaufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa kukosa maadili.

Tuliangalie tukio la "Wapo" kwa utulivu. Wimbo ulifungiwa na wakubwa, kisha ukafunguliwa na wakubwa. Wananchi walihesabu nani kashinda. Kati ya kufungwa na kufunguliwa, ni wapi mkulima wa Kyerwa angeweza kusoma kurasa mbili tulivu zinazoeleza kile wimbo ulichokuwa ukisema, ufundi wa mashairi yake, na mahali ambapo mwimbaji alikosea au alipatia? Mjadala wote ulikuwa wa ruhusa.

Hata wimbo wenye maneno machafu unahitaji mchambuzi kuliko unavyohitaji kufuli. Wimbo uliofungiwa redioni bado unapatikana kwenye simu ya mtoto wa darasa la sita. Kinachoweza kumlinda mtoto huyo ni kujua kusikiliza, kuuliza, na kuutambua wimbo unaomdharau yeye au mama yake.

Kisa cha nyumbani: Maria Salome

Kwa watu wa Kagera hakuna mfano ulio karibu kuliko wa Saida Karoli. Mwaka 2001 dada huyu wa kwetu alitoa albamu yake "Maria Salome", yenye nyimbo za Kihaya na ngoma za asili. Wimbo uliobeba jina la albamu watu wengi waliuita "Chambua kama karanga". Ulichezwa nchi nzima, ukavuka mpaka kwenda Uganda, Kenya na Rwanda. Waliokuwa hawajui hata salamu ya Kihaya waliuimba harusini.

Septemba 2016 Diamond Platnumz, akiwa na Rayvanny, alitoa wimbo "Salome", uliojengwa juu ya ule wa Saida. Ukawa mkubwa tena, mara hii kwa vijana ambao wengine walikuwa bado hawajazaliwa ule wa kwanza ulipotoka.

Mazungumzo ya wakati ule tunayakumbuka. Watu walihesabu watazamaji wa video. Walibishana kama Diamond anamzidi Ali Kiba. Walizungumza kuhusu nguo za kwenye video. Hayo yote yalikuwa na utamu wake, lakini angalieni maswali yaliyobaki mezani bila mtu wa kuyachukua.

Wimbo wa Kihaya ukigeuzwa kuwa wa Kiswahili cha Dar es Salaam, maana gani inabaki na ipi inadondoka njiani? Ngoma ya mkono ikibadilishwa na mdundo wa kompyuta, wimbo unapata nini na unapoteza nini? Mwanamke aliyekuwa anaimba kwa sauti yake mwenyewe, sasa anaimbwa na wanaume wawili: je, Salome ni yuleyule? Na jambo la mwisho ambalo kwa msanii wa kijijini ni la mkate: kazi ya zamani inapofufuliwa, haki zake ziko mikononi mwa nani, na ziliandikwa kwenye karatasi gani siku ya kwanza?

Mtu mwenye uwezo wa kujibu swali la kwanza hakuwa lazima atoke chuo kikuu. Bibi yeyote wa Bukoba Vijijini au Karagwe angeweza kulijibu, kama kungekuwa na mtu wa kumuuliza na mahali pa kuandika jibu lake. Hatukumuuliza. Sisi redio za mkoa tulikuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote nchini, na tukabaki kupiga wimbo.

Tunasema hivi tukijua kuwa huku kwetu sanaa imepimwa tangu zamani. Wapigaji wa enanga waliimba tenzi ndefu za mashujaa mbele ya wasikilizaji waliojua hadithi, na aliyekosea ukoo wa mtu au kuruka tukio hakupita hivihivi. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizikusanya na kuzichambua tenzi hizo, na leo tunazo kwenye vitabu. Profesa Josephat Rugemalira naye alitunga kamusi ya Kinyambo. Kazi hizo zinaonyesha kuwa mambo ya huku yanafaa kuchambuliwa kwa heshima ileile inayopewa mambo ya Ulaya. Lakini ziko maktaba, na wimbo wa wiki hii uko kwenye simu.

Wenzetu walifanyaje?

Hatuhitaji kwenda mbali. Mwaka 1961, Kampala, ng'ambo tu ya mto Kagera kwa mtu wa Murongo, Rajat Neogy alianzisha jarida lililoitwa Transition. Lilichapisha mashairi, siasa na uhakiki mkali wa sanaa, na waandishi wa Afrika walibishana humo hadharani kuhusu lugha ya kuandikia na maana ya utamaduni. Halikuogopa, na mwaka 1968 Neogy aliwekwa kizuizini na serikali ya Milton Obote. Baadaye jarida lilihamia Ghana, na miaka mingi baadaye likaenda Marekani. Mawazo yaliyopikwa Kampala yakaishia kutunzwa ng'ambo ya bahari.

Huko Marekani, mwaka 1996, kijana Ryan Schreiber alianza kuandika uchambuzi wa muziki kwenye intaneti akiwa nyumbani. Jarida lake, Pitchfork, likawa kubwa kiasi kwamba alama lililotoa, kutoka 0 hadi 10, ziliweza kumwinua au kumtikisa msanii. Si kila mtu alilipenda, na kuna wakati lilikosea. Januari 2024 kampuni inayolimiliki, Condé Nast, ilitangaza kuliunganisha na jarida la wanaume la GQ, na baadhi ya waandishi wakapoteza kazi.

Tunavitaja visa hivi viwili kwa sababu vinatuonya pande mbili. Jarida la uchambuzi linaweza kuuawa na mkono wa serikali, na linaweza pia kudhoofishwa na hesabu za biashara hata penye uhuru na fedha nyingi.

Kwa nini kwetu ni vigumu?

Sababu ya kwanza ilikuwa ada. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni kuwa na leseni. Maombi yalikuwa shilingi 100,000, leseni ya kuanzia shilingi milioni moja, na ada ya mwaka shilingi milioni nyingine. Juni mwaka huo jukwaa kubwa kama JamiiForums lilifunga huduma kwa muda, na wanablogu wengi wadogo wakanyamaza. Kwa mwalimu wa sekondari wa Kayanga aliyetaka kuandika kuhusu filamu jioni baada ya kazi, milioni mbili zilikuwa ukuta. Kanuni zilibadilishwa mwaka 2020 na tena 2022, na ada zikapungua. Hofu haikupungua kwa kasi hiyohiyo. Anayetaka kuanzisha tovuti leo asiende kwa kusikia. Aulize TCRA kwanza kama anachotaka kuandika kinahitaji leseni.

Sababu ya pili ni nani analipa. Msanii mkubwa ana fedha za kulipia matangazo ya wimbo wake. Mchambuzi hana wa kumlipa, maana hakuna anayetaka kumlipa mtu ambaye kesho anaweza kusema wimbo umepwaya.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe, mashabiki. Tumegawanyika kwa timu. Ukisema ubeti wa pili ni dhaifu unaambiwa una wivu, una roho mbaya, umetumwa na timu nyingine. Mzee mmoja alitupigia simu wakati wa kipindi akasema: "Waitu, zamani mtu akiimba vibaya ngomani wachezaji walikaa chini. Siku hizi mnampigia makofi halafu mnamsema nyuma." Tulicheka hewani. Baadaye tuligundua alikuwa anatusema sisi.

Utautambuaje uchambuzi wa kweli kwenye simu yako?

Siku hizi kila mwenye simu janja anaweza kujiita mchambuzi. Haya ni mambo matano ambayo msikilizaji anaweza kuyapima mwenyewe.

Moja: anakuonyesha mahali. Hasemi tu "wimbo mbovu" au "wimbo mkali". Anasema ubeti gani, neno gani, ala gani, ili nawe ukasikilize na kuamua.

Mbili: anaizungumzia kazi na kuacha nyumba ya mtu. Hili ni suala la heshima na pia ni la sheria, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza uongo. Ukisema kiitikio kimenakiliwa, uwe na ushahidi. Ukisema hujakipenda, hayo ni maoni yako.

Tatu: anasema kama amelipwa au kama msanii ni ndugu yake. Si kosa kuwa ndugu. Kosa ni kuficha.

Nne: anaijua historia kidogo. Anayechambua "Salome" bila kumtaja Saida Karoli hajamaliza kazi.

Tano: anakuachia nafasi ya kukataa. Baada ya kumsoma unapaswa kuwa na hamu ya kurudia kuusikiliza wimbo, hata kama ni kwa ajili ya kumbishia.

Na kuna jambo la bando. Kurasa mbili za maandishi zinafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu kule bondeni, na zinakula kidogo sana ukilinganisha na video ya dakika nne. Anayesema wanakijiji hawasomi, hajaona ujumbe mrefu unavyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Watu wanasoma kinachowahusu.

Anayeogopa kunukuu mistari ya wimbo kwa kuhofia kesi ajue kuwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inatoa nafasi ya kunukuu kwa kiasi cha haki, ukimtaja mwenye kazi. Kuweka wimbo wote kwenye ukurasa wako ni jambo jingine.

Sisi tutafanya nini?

Hatuna uwezo wa kuanzisha jarida kubwa. Tuna saa za hewani, tuna ukurasa huu, na tuna wasikilizaji wanaojua Kinyambo, Kihaya na Kiswahili kuliko mwandishi yeyote wa mjini. Tumekubaliana kuanza na kidogo. Mara moja kwa wiki tutachukua kazi moja tu, wimbo, filamu au kichekesho, tuijadili kwa robo saa, kisha tuiandike hapa. Wiki moja itakuwa kazi ya nyota, wiki inayofuata kazi ya msanii wa wilaya zetu. Tutauliza wazee maana za maneno. Msanii wa huku atapewa nafasi ya kujibu hewani. Bahasha hatutapokea kwa ajili ya kipindi hicho, na mkisikia tumepokea, semeni.

Tunajua hatari yake. Wilaya zetu ni ndogo kwa mambo haya. Msanii unayemchambua leo utakutana naye kesho sokoni Omurushaka, au utakuta ni shemeji yako. Huko Marekani mchambuzi anaweza asimwone msanii maisha yake yote. Sisi tutalazimika kusema ukweli na bado tupeane mkono, na hilo litatufundisha kuchagua maneno.

Yule kijana wa Nkwenda tulimpigia. Tulimwambia kuhusu mdundo uliomeza sauti, na tukamwambia kuhusu ubeti ule wa Kinyambo. Alinyamaza kwa muda, tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza kwa nini hatukumwambia siku ile, kabla hajalipia nakala za kusambaza. Hatukuwa na jibu zuri. Tulimwomba radhi, na tukamwomba ruhusa wimbo wake uwe wa kwanza kwenye kipindi kipya. Amesema atafikiria.

Wewe msikilizaji, kabla kipindi hakijaanza, chukua wimbo mmoja unaoupenda sana. Usikilize mara mbili, mara ya pili bila kufanya kazi nyingine. Andika mambo matatu: kinachokuvuta, kinachokukera, na neno moja ambalo hukuwahi kulisikia vizuri. Uje nayo hewani.